Kosa na Kukosa: Makosa Madogo na Hesabu ya Kazi ya Askari katika Historia ya Gachoka, Embu

Kitenzi kosa katika Kiswahili kina maana mbili ambazo wasemaji wake hawana haja ya kuzitenganisha kila siku. Anayekosa amefanya jambo lisilo sawa. Na anayekosa kitu hana kitu hicho. Mwanafunzi mmoja amekosa hesabu, mwenzake amekosa kalamu. Wanaisimu aghalabu huitaja hali hii kuwa ni mfano wa neno moja lenye maana zinazohusiana, kisha huendelea na mambo mengine. Lakini mwanahistoria wa utawala katika Afrika ya Mashariki ana sababu ya kusimama hapo kwa muda. Umati wa watu waliofikishwa mahakamani kwa makosa madogo katika karne ya ishirini walifikishwa huko kwa sababu ya kukosa: walikosa risiti ya kodi, walikosa kipande, walikosa kibali cha kutengeneza pombe, walikosa leseni ya kuuzia ndizi, na katika mwaka 2020 walikosa barakoa. Kosa lilikuwa ni upungufu wa kitu mkononi.

Kosa la namna hii lina sifa inayolitenga na wizi au mauaji. Mwenye mbuzi aliyeibwa huenda mwenyewe kwa askari na kulia. Aliyekosa risiti halii kwa mtu. Kosa lake halipo katika daftari lolote mpaka mwenye mamlaka amsimamishe na kumwuliza. Kwa hiyo idadi ya makosa hayo hutegemea idadi ya maswali yaliyoulizwa. Pale ambapo askari au chifu amepimwa kwa hesabu ya aliowakamata, hesabu hiyo imeeleza zaidi bidii ya mwulizaji kuliko mwenendo wa walioulizwa. Jambo hili huonekana wazi katika nchi ya Wambeere, na hasa katika Gachoka, mahali ambapo utawala uliwafikia watu kwa njia ya mambo madogo kabla ya kuwafikia kwa njia ya mambo makubwa.

Gachoka imo katika upande wa chini wa Embu, mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya imekwisha na ardhi inashuka kuelekea Mto Tana. Ni nchi kavu ukiilinganisha na mashamba ya chai na kahawa ya juu. Watu wake hulima ndengu, mtama na maembe, hufuga mbuzi na nyuki, na hupanda muguka, jani ambalo limekuwa zao lao la fedha. Jina la Gachoka lilikuwa jina la tarafa na pia la eneo la uchaguzi mpaka mwaka 2013, eneo hilo lilipoanza kuitwa Mbeere Kusini. Mbeere yenyewe ilikatwa kutoka Embu na kufanywa wilaya mwaka 1996, makao yake makuu yakiwa Siakago. Na baada ya Katiba ya 2010 ikarudi ndani ya Kaunti ya Embu. Mabadiliko haya ya mipaka hayana uzito mkubwa katika habari hii, isipokuwa kwamba kila mara yalileta ofisi mpya, na kila ofisi mpya ilikuwa na ripoti yake ya kujaza.

Kabla ya ofisi, ugomvi wa watu ulikatwa na kiama, yaani baraza la wazee. Masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere, ambayo H.S.K. Mwaniki aliyakusanya na kuyachapisha katika miaka ya 1970, yamehifadhi mengi juu ya maisha ya enzi hiyo. Linalohusu hapa ni moja tu: baraza la namna hiyo lilihitaji mlalamikaji. Wazee walikaa kwa sababu mtu alikuwa amedhulumiwa na mwingine, na fidia ya mbuzi au pombe ya asali ilikwenda kwa aliyedhulumiwa na kwa waliokaa kumsikiliza. Hapakuwa na kosa lisilo na mwenyewe.

Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906 na kujenga boma. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwekwa katika himaya yao tangu mwaka 1901, na mwaka 1910 sheria ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba. Hapo ndipo kosa lisilo na mlalamikaji lilipoingia. Njia yake ya kuingia imeacha alama katika lugha za mlimani. Kikikuyu, kilicho jirani na ndugu wa Kimbeere, kilichukua kodi kwa Kiswahili kikaifanya igooti. Kikachukua askari kikamfanya thigari. Na kipande kikawa kĩbandĩ. Maneno matatu haya, la mlipishaji, la mkamataji na la karatasi, yalisafiri pamoja. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huu wa jinsi watu walivyokutana na serikali: walikutana nayo kama jambo moja lenye sehemu tatu, na sehemu zote tatu zilikuwa na majina ya kigeni.

Chifu aliyewekwa na Waingereza hakuwa mzee wa kiama. Sheria ya mwaka 1902 na ile ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912 zilimpa amri juu ya watu wake: kuwazuia wasipike pombe bila ruhusa, kuwatoa kwenye kazi za barabara, kuwafikisha mbele ya wakubwa. Yeye naye alikuwa chini ya Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya alikuwa chini ya ripoti ya mwaka. Yeyote aliyesoma ripoti za wilaya za zama za ukoloni anajua zilivyopangwa. Kodi iliyokusanywa ina jedwali lake. Kesi zilizosikilizwa zina jedwali lake. Vibarua waliotoka wilayani wana jedwali lao. Chifu aliyeleta kodi yote kwa wakati alisifiwa kuwa ana nguvu. Aliyeleta pungufu aliandikwa kuwa ni dhaifu au mlevi. Hakuna aliyeandikwa kuwa mwema kwa sababu katika eneo lake watu walikwenda bila kusumbuliwa. Jedwali la jambo hilo halikuwako.

Huo ndio mwanzo wa shabaha ya kazi katika nchi hii, ingawa haikuitwa hivyo. Wapo wanaoona kwamba kupima kazi kwa hesabu ni jambo jipya, lililoletwa na washauri wa mabenki mwishoni mwa karne. Maoni hayo ni ya kusahau. Kilichokuwa kipya baadaye ni jina na fomu. Chifu wa mwaka 1915 alijua vizuri kabisa ni kiasi gani kinachotakiwa kutoka kwake, na wafuasi wake walijua kwamba kiasi hicho hakina budi kupatikana kwa mwenye nyumba aliyepo, hata kama mwenye nyumba aliyetakiwa ametoroka.

Kipande kilikamilisha utaratibu huo. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, kuanzia 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alipaswa kuwa nacho, ndani ya kibweta cha bati, kikining'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Hapana haja ya kuongeza maelezo juu ya jina hilo. Waliolitunga walikuwa wafugaji. Linalofaa kutazamwa ni neno la Kiswahili lenyewe. Kipande ni sehemu iliyokatwa kutoka kwa kitu kizima. Mtu akiulizwa kipande chake akakikosa, alikuwa amekosa kwa maana zote mbili kwa pamoja, na askari hakuhitaji shahidi wala upelelezi. Kesi ilianza na kwisha katika swali moja. Mpaka mwaka 1947, sheria ilipobadilishwa iwahusu watu wa rangi zote, kipande kilikuwa ndiyo kesi rahisi kuliko zote ambazo askari angeweza kuipata njiani.

Wafuasi wa machifu walifanywa polisi wa kabila kwa sheria ya mwaka 1929. Wakawa Polisi wa Utawala kwa sheria ya 1958. Polisi wa Kenya walikuwa kikosi kingine, cha mijini na cha mashamba ya walowezi. Kwa hiyo kwa miaka mingi mkazi wa Gachoka alipokutana na sheria alikutana na mtu wa chifu, na sheria aliyokutana nayo haikuwa ile kuu ya jinai, bali ilikuwa ya kodi, ya pombe, ya ukataji miti na ya matuta. Kazi ya matuta katika miaka ya 1940 inastahili kutajwa kwa sababu ilipimwa kwa urefu. Katika Jimbo la Kati machifu walidaiwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, na asiyetokea siku ya kazi alitozwa faini katika baraza la wenyeji. Murang'a watu waligoma mwaka 1947. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, na wataalamu wa kilimo waliokuja baadaye wamekubali hivyo. Ubaya wake ulitokana na urefu uliokuwa ukidaiwa kabla ya mtu yeyote kuuliza kama tuta lililochimbwa lina maana mahali lilipo.

Miaka ya hali ya hatari, 1952 hadi 1960, haiwezi kupimwa kwa kipimo cha makosa madogo, kwa kuwa hapo hata kuishi kulihitaji kibali. Inatosha kukumbusha kwamba serikali iliwaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja la kuchunguzwa, na kwamba katika msako wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954 watu wapatao 24,000 walitiwa kizuizini. Mtu aliyetoka Embu aliingia katika hesabu hiyo kwa jina la kabila lake.

Neno msako lenyewe linataka kuangaliwa. Limetokana na kusaka, na kusaka ni kuwinda. Kiswahili cha polisi, cha magazeti na cha redio kimelizoea mno hata limepoteza harufu yake ya porini: msako wa wahalifu, msako wa pombe haramu, msako wa magari mabovu. Lakini msemaji wa lugha hawezi kulivua neno asili yake yote. Msasi hupimwa kwa alichorudi nacho. Hawezi kurudi akasema kwamba leo amepita pori zima na wanyama wote wako salama. Vivyo hivyo lengo hutokana na kulenga, na shabaha ni ile alama apigayo mpiga bunduki. Kiswahili kimeyajaza maneno ya utawala wa kisasa kwa maneno ya uwindaji, na hakikufanya hivyo kwa kukusudia.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mahakama za wenyeji zilikuwa bado zipo. Zilifutwa kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1967. Mamlaka ya chifu juu ya pombe na mikusanyiko hayakufutwa. Yalibaki karibu kama yalivyokuwa mpaka mageuzi ya mwaka 1997, yaliyopunguza nguvu za chifu na kuifuta kabisa Sheria ya Uzururaji. Kati ya vipindi hivyo viwili ilikuja Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ya mwaka 1980. Kwa nchi ya wafuga nyuki mambo hayo yalikuwa na uzito wa pekee. Muratina, pombe ya asali inayopewa ladha na nguvu na tunda la mti wa jina hilo, ilikuwa ni kitu cha mahari na cha baraza; haikuwa chang'aa, lakini askari anayetafuta harufu hapati taabu kuipata nyumba yenye harusi. Mwanamke mjane aliyepika pombe ili alipe karo ya mtoto alikuwa anapatikana nyumbani kwake kila siku. Mwizi wa ng'ombe hakuwa anapatikana hivyo. Kama askari wote wawili, yule aliyemfuatia mwizi kwa miezi mitatu na yule aliyepita nyumba tatu za wapika pombe asubuhi moja, watahesabiwa kwa jumla ya kesi, wa pili amemshinda wa kwanza kwa tatu dhidi ya moja, na pengine kwa tatu dhidi ya sifuri.

Hali hii ndiyo iliyokuwako Kenya ilipoanza kutumia kandarasi za utendakazi. Zilianza mwaka 2004 kwa mashirika 16 ya serikali, zikaingizwa katika wizara kuanzia mwaka uliofuata, pamoja na mipango ya matokeo ya haraka ya siku 100. Nia yake ilikuwa njema na sababu zake zilikuwa za kweli: ofisi za umma zilikuwa zimezembea, na mwananchi alisubiri cheti kwa miaka. Ofisi inayotoa vyeti inaweza kupimwa kwa vyeti. Wizara iliyosimamia machifu na polisi nayo ikatia sahihi, na kutoka katika wizara vipimo vikashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye fomu ya kumpima mtumishi mmoja mmoja. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 haimwagizi askari yeyote akamate idadi fulani ya watu. Hapana aliyehitaji kuiandika. Mkubwa anapouliza katika kikao cha mwisho wa mwezi kituo kimefanya nini, jibu linalotakiwa ni tarakimu, na tarakimu iliyo karibu ni ile ya waliokamatwa.

Ni vema kulitazama jambo hili kutoka pale anaposimama askari wa kawaida, kwa sababu wakosoaji wa polisi huruka hatua hiyo. Askari amemkuta njiani mwendesha bodaboda aliyebeba abiria wawili bila kofia ya chuma. Sheria imempa njia kadhaa. Anaweza kumwonya na kumshusha abiria mmoja. Anaweza kumpeleka kituoni, akaandikwa katika daftari la matukio, akapelekwa mahakama ya Siakago au ya Embu. Kwa usalama wa barabara, onyo lililotolewa na mtu anayeheshimika huenda likafaa zaidi kuliko faini, kwa kuwa mwendesha bodaboda ni jirani na atapita hapo tena kesho. Lakini onyo halina safu katika daftari. Likishatolewa limetoweka hewani. Halimpandishi aliyelitoa wala halimlindi anapoulizwa ameshinda wapi. Vivyo hivyo kwa askari aliyepatanisha mume na mke, au aliyezuia ugomvi wa mpaka wa shamba kabla ya panga kutolewa. Kazi bora ya polisi ni ile ambayo baadaye hakuna kilichotokea, na kilichokosa kutokea hakiandikwi.

Kuna upande wa pili usiozungumzwa sana. Vipimo vikidai kesi ziongezeke na papo hapo vidai uhalifu upungue, kituo hakiwezi kutimiza yote mawili isipokuwa kwa kugawa makosa katika mafungu. Makosa yanayoletwa na wananchi, kama vile wizi na uvunjaji wa nyumba, huwa ni hatari kwa ripoti, kwa sababu kila moja likiandikwa ni doa. Makosa yanayotafutwa na askari, kama ulevi na kukosa leseni, ni mapato. Aliyeibiwa kuku hupata shida kuandikiwa, na aliyelewa hupata shida kutoandikwa. Mtazamaji wa nje atafikiri kwamba ni uzembe kwa upande mmoja na ukali kwa upande mwingine, kumbe ni tabia moja iliyo na akili timamu.

Kando ya hesabu rasmi ipo hesabu nyingine. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilipowahoji maafisa wa trafiki hadharani katika miaka ya 2015 na 2016, ilionyesha rekodi za fedha zilizotumwa kwa simu kutoka kwa askari wadogo kwenda kwa wakubwa wao. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya mikopo, michango na chama cha akiba. Hata hivyo taifa zima lilielewa kwamba shabaha inaweza kuwa ya shilingi. Kiswahili cha Kenya kilikuwa kimeliandaa neno lake muda mrefu kabla ya hapo: kitu kidogo. Kosa dogo na kitu kidogo ni maneno yaliyolingana kimo. Kosa likiwa kubwa, hongo yake humshinda maskini. Likiwa halipo kabisa, hapana cha kuuza. Udogo wa kosa ndio unaolifanya liwe bidhaa.

Wapo watakaosema kwamba makala ya namna hii yanawatetea wapika pombe. Jibu lao limo katika historia ya Embu yenyewe. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa, na wengine wakapofuka, katika Embu na kaunti nyingine kadhaa, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Embu iliumia kuliko kwingine kote. Hakuna aliyeweza kusema kwamba sheria za vileo ni mambo ya mzaha baada ya hapo, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyofuta ile ya 1980, ilikuwa imekusudiwa kuzuia balaa la aina hiyo hasa kwa kuileta pombe chini ya leseni na ukaguzi. Swali gumu ni kwa nini watu walikufa katika nchi ambayo watu wake walikuwa wakikamatwa kwa pombe kwa zaidi ya miaka 100. Sehemu moja ya jibu ni kwamba sumu ile haikutoka kwenye mtungi wa mjane. Ilitoka kwenye biashara yenye mapipa, magari na wauzaji wa jumla. Kuivunja biashara hiyo kunataka upelelezi, maabara na subira, na mwisho wake ni kesi moja. Mjane ni kesi moja pia. Kipimo kilichowahesabu sawa kiliwafundisha askari waende wapi.

Serikali ilijibu kwa msako. Mwezi Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza wabunge wa Kenya ya kati waongoze kazi ya kuondoa pombe hatari, na siku zilizofuata picha za magazeti zilijaa pombe inayomwagwa barabarani, ikiwemo ya wenye leseni waliokwenda baadaye kudai haki yao mahakamani. Lita zilizomwagwa zinahesabika na zinapigwa picha. Hii si sababu ya kutozimwaga lita zenye sumu. Ni sababu ya kuuliza zilizotoka wapi.

Kenya si peke yake. Tanzania katika mwaka 1983 ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na kabla yake, mwaka 1976, kulikuwa na operesheni ya kumtaka kila mtu afanye kazi. Katika Dar es Salaam watu walikamatwa mitaani kwa kukosa kitambulisho cha kazi na kupelekwa vijijini. Makusudi yalikuwa ya kijamaa na ya uzalishaji. Lakini mgambo aliyesimama Kariakoo hakuwa na njia ya kuupima uvivu. Alikuwa na njia ya kuuliza karatasi. Na katika Uingereza, nchi iliyoleta boma Embu, serikali iliweka mwaka 2002 shabaha ya makosa yanayofikishwa kwenye haki, ambayo baadaye ilitajwa kuwa 1,250,000 ifikapo mwaka 2007–08. Polisi waliwaendea watoto, kwa sababu ugomvi wa uwanja wa shule hupatikana upesi na mtuhumiwa hukiri. Watoto walioingia katika mkono wa sheria kwa mara ya kwanza walizidi 100,000 katika mwaka 2006–07. Shabaha ilipobadilishwa mwaka 2008 ielekee makosa mazito, idadi yao ilianza kushuka kwa kasi. Ni vigumu kuamini kwamba watoto wa nchi nzima walibadili tabia katika mwaka ule ule ambao fomu ilibadilishwa.

Katika Embu jambo hili lilipata sura ya msiba mwaka 2021. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyowekwa tangu Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ilikuwa bado inafanya kazi. Usiku wa tarehe 1 Agosti ndugu wawili, vijana wanafunzi, walikamatwa Kianjokoma, katika upande wa juu wa kaunti, kwa kuchelewa kufunga kibanda chao. Hawakurudi nyumbani hai. Askari sita walishtakiwa kwa mauaji. Haifai kusema kwamba tarakimu iliwaua. Hayo ni ya mahakama kuyachambua. Linaloweza kusemwa ni kwamba kosa walilokamatiwa lilikuwa ni la ile jamii ya kale, lisilo na mlalamikaji, lililoanza na kwisha katika kukutana na gari la doria. Barabarani usiku ule wangekutwa wengine, na hesabu ingekuwa ile ile.

Muguka wa Gachoka nao umeonyesha jinsi kosa la namna hii linavyozaliwa. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku jani hilo. Mkulima wa Mbeere, ambaye jana alikuwa mkulima, leo mzigo wake ulikuwa ni ushahidi ukifika pwani, mpaka Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri hizo. Watu wa pwani walikuwa na hoja yao juu ya afya ya vijana, na si hoja ya kupuuzwa. Lakini kwa siku hizo chache askari wa kizuizini alikuwa amepewa swali jipya la kuuliza.

Sheria kuu kwa upande wake imekuwa ikirudi nyuma kutoka kwa makosa madogo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa na Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki mapema mwaka 2017 ulionyesha kwamba mzigo mkubwa wa mfumo huo ni makosa madogo, kwamba wanaoubeba ni maskini, na kwamba wengi wa wanaokamatwa huachiliwa bila kushtakiwa. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Hata hivyo kifungu cha 182 cha sheria ya jinai ya Kenya, kinachohusu watu wavivu na wasio na utaratibu, hakikuondoka kwa maoni hayo.

Jambo la kuachiliwa bila kushtakiwa linataka kusomwa pamoja na yaliyotangulia. Kama lengo la kukamata lingekuwa ni hukumu, kukamata kwingi kusikoishia mahakamani kungekuwa ni kushindwa, na wakubwa wangeuliza. Lakini safu ya waliokamatwa hujazwa kabla ya safu ya waliohukumiwa, na katika madaftari ya vituo safu hizo mbili haziko kwenye ukurasa mmoja. Mtu aliyelala seli usiku mmoja na kutoka asubuhi bila karatasi amekwisha kutumika. Akirudi Gachoka atawaambia wenzake kwamba alishikwa kwa kukosa, na wenzake hawatamwuliza alikosa nini.